Siku tuliyohesabu herufi za kichwa cha habari

Mdogo wangu kanitumia swali la insha yake ya Kiingereza, mwaka wa kwanza: jinsia na wajibu wa vyombo vya habari, maneno elfu moja, mwisho wa kukusanya Ijumaa. Chini yake kaandika, "Dada, nianzie wapi?" Swali lenyewe halina tofauti kubwa na lile tulilopewa sisi mwaka 2016, na kila ninachotaka kumjibu kinatoka kwenye semina moja ya alasiri, ile ya magazeti.

Madam aliingia na mzigo wa magazeti ya siku moja, ya Kiswahili na ya Kiingereza, akatugawa wanne wanne. Kila kikundi kilipata gazeti moja na karatasi yenye safu: jina la mtu aliyetajwa, jinsia yake, anazungumza kama nani (msemaji wa ofisi, mtaalamu, shuhuda au mwananchi wa kawaida), ametajwa kama mhanga au la, ametambulishwa kwa undugu (mke wa fulani, mama wa fulani) au kwa kazi yake, ana picha au hana, na habari imeandikwa na nani.

Utaratibu huo aliupunguza kutoka kwenye ule wa mradi wa dunia wa kufuatilia habari, GMMP, ambao tangu 1995 hufanyika kila baada ya miaka mitano hivi. Huchaguliwa siku moja, watu wa nchi nyingi wanakaa na magazeti, redio na televisheni za kwao, wanahesabu. Mwaka 2015 siku hiyo ilikuwa Machi 25, na nchi zilikuwa 114. Kati ya watu waliosomwa, kusikika au kuonekana kwenye habari, wanawake walikuwa asilimia 24. Miaka 20 kabla yake walikuwa 17. Habari zilizoripotiwa na wanahabari wanawake zilikuwa asilimia 37, kiwango kile kile cha 2005. Mdogo wangu azitumie takwimu hizo, aongeze na ya 2020: asilimia 25 ya watu kwenye habari. Aweke pia mkutano wa dunia wa wanawake wa Beijing wa 1995, ambao katibu mkuu wake alikuwa Gertrude Mongella wa kwetu, na ambao uliviweka vyombo vya habari miongoni mwa maeneo 12 ya kushughulikiwa. Na TAMWA, wanahabari wanawake wa Tanzania walioanza kusukuma jambo hili mwaka 1987, hata Beijing haijafika.

Kuhesabu kunaonekana kazi nyepesi, kumbe hapo ndipo insha nyingi zinapoharibika. Mtu aliyetajwa mara tano kwenye habari moja anahesabiwa mara moja. Taasisi si mtu, kwa hiyo "wizara imesema" haiingii. Matangazo ya biashara na ya vifo yanaachwa. Kurasa za michezo zinahesabiwa kwenye karatasi yake, maana zikichanganywa na nyingine zinameza kila kitu. Tatizo kubwa kuliko yote ni safu ya jinsia. Gazeti la Kiswahili likiandika "Dk." na jina la ukoo, kisha "alisema", hakuna kinachokuonyesha ni mwanamke au mwanaume, na wengi wanajaza mwanaume bila kufikiri. Kama hakuna jina la kwanza, picha wala utambulisho mwingine, andika "haijulikani" na uendelee. Mwanafunzi anayefupisha habari hiyo kwa Kiingereza awe macho zaidi, kwa sababu Kiingereza kinamsukuma achague "he" au "she", na mhandisi ambaye gazeti halikusema ni nani anageuzwa mwanaume na mwanafunzi mwenyewe.

Hayo yote tuliyamaliza kabla ya saa kumi. Kilichobaki kichwani mwangu ni habari moja ndogo ya ukurasa wa ndani, wala sitataja gazeti. Kichwa chake: "Mwanamke auawa kwa wivu wa mapenzi".

Madam akakiandika ubaoni, akaomba mmoja wetu akitafsiri. Mwenzetu akaenda, akaandika kwa mwandiko mzuri: "Woman killed over jealousy". Madam akasema sarufi haina tatizo. Kisha akauliza kwa Kiswahili, jambo ambalo darasani hakuwa akilifanya: "Nani kaua?"

Darasa likanyamaza. Tukarudi kwenye gazeti, tukasoma habari yenyewe aya kwa aya. Aya ya kwanza: umri wa marehemu, mtaa wake, na kwamba amefariki baada ya kushambuliwa kwa panga. Ya pili: jirani anasema siku hiyo marehemu alichelewa kurudi nyumbani. Ya tatu: kamanda wa polisi anasema chanzo ni wivu wa mapenzi. Mume alijitokeza aya ya nne, tena kwa nusu sentensi, kwamba anashikiliwa. Kwa hiyo msomaji alijua saa aliyorudi marehemu kabla ya kujua kwamba mumewe yuko mikononi mwa polisi.

Madam akaandika, mstari chini ya mstari: Mume amemuua mkewe. Mke ameuawa na mumewe. Mke ameuawa. Mwanamke ameuawa. Mwanamke ameuawa kwa wivu. Halafu akashika dasta na kutuonyesha kinachopotea kila tunaposhuka mstari mmoja. Mstari wa pili mume yuko mwishoni. Wa tatu hayupo. Wa nne hata ndoa haipo, amebaki mwanamke yeyote. Wa tano nafasi ya muuaji imechukuliwa na wivu. Zoezi hilo, alisema, asili yake ni mwanaisimu wa Marekani, Julia Penelope, aliyetumia sentensi za Kiingereza. Kiswahili kinafanya vilevile, tena kwa urahisi zaidi, maana kauli ya kutendwa inakaa ndani ya kitenzi chenyewe na haidai kumtaja mtu.

Sote tulitoka sekondari ambako kugeuza sentensi kuwa ya kutendwa ni swali la mtihani. Tulifundishwa kwamba kama mtendaji hana umuhimu, mwondoe, sentensi inakuwa safi. Hakuna aliyetuuliza ni nani anayeamua kwamba hana umuhimu.

Kaka mmoja aliyewahi kuwa karani wa mahakama kabla ya kuja chuo akanyoosha mkono. "Madam, mwandishi akiandika kwamba mume kaua, na kesi haijasikilizwa, atakayeburuzwa mahakamani ni yeye." Pingamizi la haki kabisa, na mwanafunzi anayeandika insha bila kuligusa atakatwa alama. Madam hakubishana. Alifuta mstari wa kwanza akaandika: "Mume adaiwa kumuua mkewe". Mtendaji yupo, na hukumu imeachiwa mahakama.

Mwingine, aliyewahi kujitolea kwenye chumba cha habari, akasema kichwa hakiandikwi na mwandishi. Kinaandikwa na mhariri usiku, safu ni nyembamba na nafasi haitoshi. Madam akamwambia ahesabu herufi. Akahesabu kwa sauti, akigusa ubao kwa kidole. Kichwa cha gazeti kilikuwa na herufi 29. Cha Madam, 21.

Nadhani hapo ndipo darasa zima lilipokaa sawa kwenye viti. Kumbe nafasi ilikuwepo.

Tukamalizia kwa kuipanga habari upya. Aya ya kwanza: nani anashikiliwa, kwa tuhuma gani, na nani amethibitisha. Saa aliyorudi marehemu ikatoka, kwa sababu haielezi lolote isipokuwa kumtafutia lawama. "Wivu wa mapenzi" tukauulizia: nani kausema? Kamanda kaupata kwa majirani au kwa mtuhumiwa, na marehemu hawezi kujibu. Kwa hiyo ama uandikwe kama maelezo ya fulani, ama uachwe hadi mahakamani. Mwishoni tukaweka mistari miwili ya msaada: kwamba vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, kwamba aliyeshambuliwa anapewa huko fomu ya PF3 ya kwenda nayo hospitali, na namba ya simu 116 ya msaada kwa watoto. Mistari hiyo miwili inaweza kumfikia mtu ambaye bado yuko hai.

Ningependa mdogo wangu aishie hapo, maana insha yake ingekamilika. Lakini dada mmoja aliyekaa nyuma alisoma kichwa cha habari nyingine kutoka gazeti la kikundi chake: "Baba adaiwa kumbaka bintiye". Mtendaji yupo mwanzoni, neno "adaiwa" lipo. Chini yake, jina kamili la baba, umri na kijiji.

Kijijini kwao kila mtu anamjua binti huyo ni nani.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inalinda faragha ya mtoto, na gazeti halikuandika jina lake popote. Halikuhitaji. Madam alisema njia ziko mbili: kumtaja mtuhumiwa kwa jina na kunyamazia undugu, au kutaja undugu na kuficha jina na kijiji. Gazeti moja likifuata njia ya kwanza na jingine la pili, msomaji wa yote mawili anaunganisha mwenyewe. Kwa hiyo vyumba vya habari vingepaswa kukubaliana, na magazeti yanayogombania msomaji mmoja asubuhi hayakubaliani kirahisi.

Muda ukaisha, akatuambia tuandike zote mbili. Mimi leo ningeficha jina la baba, kwa ajili ya mtoto. Nikifanya hivyo, aliyetenda anatoweka tena kwenye gazeti, na safari hii nimemfuta mimi kwa makusudi. Nimemwambia mdogo wangu aliweke jambo hilo kwenye aya yake ya mwisho, kisha aniambie mwalimu wake amesemaje.