Nyumba ya mama na moto wa kaskazi: mradi wangu Mwakirunge mpaka sasa

Januari

Kaskazi imeshika kweli. Nyasi za mpakani zimekauka, ukizikanyaga zinavunjika, na watu wameshaanza kutayarisha mashamba kungoja masika. Huu ndio msimu wa mabiwi: wanafyeka, wanarundika, wanatia moto. Nyumba ya mama hapa Mwakirunge, Mombasa, ina paa la makuti juu ya boriti za mikoko, na jiko la kuni liko barazani. Mwaka huu likizo yangu yote naimalizia hapa, kuikinga nyumba na moto.

Kabla ya kushika panga nilisoma kazi za Jack Cohen, aliyekuwa mtafiti wa moto katika idara ya misitu ya Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 alishiriki majaribio huko Kanada: kuta za mbao zilisimamishwa kando ya msitu, kisha msitu ukachomwa makusudi. Ukuta ulioko mita 10 uliweza kushika moto. Za mita 20 na 30 zilisalimika. Ndipo nikaelewa kwa nini nyumba huteketea na moto wenyewe bado uko mbali. Upepo huleta cheche, na cheche hupata makao kwenye paa au kwenye takataka zilizoegemea ukuta. Kwa hiyo naanza na nyumba yenyewe, halafu nitoke kuelekea mpakani.

Jiko linahama

Hili nimelipigia hesabu kuliko mengine yote. Kaskazi hutoka kaskazini-mashariki. Kusi hutoka kusini na kusini-mashariki, na upepo wa alasiri hutoka baharini, mashariki vilevile. Jiko likikaa magharibi mwa nyumba, pepo zote hizo zinaziondoa cheche kwenye paa. Likikaa mashariki, zinatupwa juu ya makuti karibu mwaka mzima.

Mama hakufurahi. "Mvua ikinyesha nitoke nje na sufuria kichwani?" Tukakubaliana njia ya kwendea jikoni iezekwe mabati. Banda la jiko jipya lina kuta za mawe na bati juu. Mtungi wa gesi wa kilo 13 umesimamishwa nje ya ukuta, kwenye kivuli. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa chini, ndiyo maana fundi ameacha matundu chini kabisa ya ukuta. Maungio ya mpira tunayapaka povu la sabuni. Likifanya mapovu, gesi inavuja.

Februari, kuzunguka nyumba

Nyuma ya nyumba palikuwa na lundo la makumbi, vifuu na makarara, limeegemea ukuta na kufika karibu na ncha za makuti. Ndivyo kuni zinavyowekwa kila mji huku. Nililichukua kumbi moja kavu nikalitia kaa dogo kuangalia. Halikutoa mwali. Lilifuka tu, moshi mwembamba, na nyuzi zikawa nyekundu kwa ndani muda mrefu baada ya mimi kudhani limezima. Lundo zima limehamishwa mita 10 kutoka ukutani, chini ya bati. Mita 1.5 za kwanza kuzunguka ukuta sasa ni mchanga na kokoto, hapana jani.

Mpakani tumefyeka na kulima ukanda mtupu. Upande wa kaskazini-mashariki nimeufanya mpana zaidi, maana moto wa msimu huu utatokea huko. Chini ya mkorosho ndiko kunakochosha: leo unafagia, kesho majani yamejaa tena, na maganda ya korosho yana mafuta yanayowaka vibaya.

Paa

Fundi wa makuti aliniambia: "Kuti halizimwi na ndoo, mjomba. Kuti huvutwa." Ni kweli. Makuti hupangwa yamwage maji, kwa hiyo maji unayorusha juu yanateleza huku moto ukitembea ndani. Tumetengeneza pembo mbili ndefu zenye kulabu za chuma, za kuyavutia chini makuti yanayowaka, zimelazwa kwenye ukuta wa nje. Kijana mmoja alishauri tuyanyunyizie makuti mbolea ya DAP iliyoyeyushwa. Mbolea hiyo ni fosfati ya amonia, na kweli hupunguza kuwaka, lakini mvua huiosha yote. Sitaki mama alale akiamini kinga iliyokwisha kuondoka na masika.

Maji

Tangi la lita 5,000 liko juu ya jukwaa la mita 3. Mita 10 za kimo hutoa presha ya bar 1 hivi, kwa hiyo tangi letu, la mita 3 tu, halina nguvu ya kurusha maji hadi kileleni. Kazi yake ni kujaza ndoo upesi, kwa hiyo nimefunga koki kubwa. Kando yake kuna magunia ya kulowesha, ya kupigia moto wa nyasi.

Majirani

Tumekaa tukapatana: anayechoma biwi atoe habari kwanza, awashe alfajiri umande ungalipo, wala asiondoke mpaka jivu liguswe kwa mkono na liwe baridi. Tawi la mwembe lililoziba njia limekatwa ili gari la zimamoto lipite. Namba za dharura, 999 na 112, zimeandikwa kwa rangi juu ya mlango wa jikoni.

Bado pampu ya petroli, maana umeme ukikatika ile ya kisimani haifanyi kazi. Pia kuna kibatari cha chumbani. Taa ya sola ya mama nimeshainunua, naipeleka Ijumaa.