Droni iliyopinduka Igombe: jibu lilikuwa kwenye logi

Droni yetu ya mota nne ilipinduka hewani pale ufukweni Igombe, ikaanguka pembeni ya vichanja vya dagaa. Kila aliyekuwepo alikuwa na jibu lake: upepo wa ziwa, betri, hata kunguru. Mimi nilichomoa kadi ya kumbukumbu nikafungua logi, yaani rekodi ya safari, kwenye Mission Planner, programu ya kompyuta ya kuisomea.

Volti za betri zilitulia mpaka mwisho. Mtikisiko, ule unaoandikwa VIBE kwenye logi, ulikuwa chini ya 30, yaani wa kawaida. Hayo tukayaweka kando.

Kwenye ATT, sehemu ya logi inayoonyesha droni ilivyolala, DesRoll ni mlalo ambao kompyuta ya droni inautaka, na Roll ni mlalo halisi. Mistari hiyo ilikwenda bega kwa bega, mara ikaachana: droni inalalia kulia, kompyuta inataka ikae sawa. Lakini utamu wenyewe uko RCOU, sehemu ya amri zinazotumwa kwa mota: C1 ni ya mota 1, C2 ya mota 2. C1 ilipaa hadi karibu 1950, karibu na kilele, ikagandia huko, C2 ikaporomoka. Kwenye ArduPilot, programu inayoendesha droni yetu, fremu ikiwa ya umbo la X, mota 1 iko mbele kulia na mota 2 nyuma kushoto, mkabala wake. Yaani kompyuta ilikuwa inaidai mota 1 nguvu zote, na haipati kitu.

Propela yake ilikuwa nzima (wengi huishia hapo, wakanunua mota mpya bure). Nikavuta taratibu nyaya tatu za mota ile. Mmoja ukanibaki mkononi, lehemu yake imefifia na kupasuka. Nikasafisha, nikalehemu upya, nikazibana nyaya zisicheze. Logi ya safari iliyofuata, C1 ilienda sambamba na wenzake.