Mfupa wa ng'ombe kwenye taya langu

Jino langu la juu la mbele lilipasuka Jumanne moja ya Agosti, saa kumi jioni, nikikata uzi kwenye shela la bibi harusi. Miaka 22 nashona hapa Ngamiani, Tanga, mkasi naning'iniza shingoni, na bado uzi nakata kwa meno. Wanafunzi wangu nawakataza kila siku.

Tuseme ukweli, lile jino lilishakufa zamani. Nikiwa darasa la tano nilianguka kutoka kwenye mpera, likabaki kijivu. Mwaka 2009 nilisafishwa mzizi, nikachomekwa kijiti cha chuma ndani, juu nikavikwa kofia. Kofia ile nimeringia nayo harusi ngapi sijui.

Daktari niliyemkuta ni binti, rika la mwanangu wa kwanza. Akaniamkia, nikaitikia, akaitikisa kofia kwa vidole viwili, akapiga picha. Mzizi umepasuka kwenda chini, kama kuni. "Hapa hakuna cha kuziba, mama. Ni kung'oa tu." Hilo nilishajua tangu Jumanne. La pili ndilo lililonikuta sijajiandaa: "Tukishang'oa, tukuwekee mfupa kwenye shimo au tuache?"

Nikamwambia gego langu la chini nililing'oa mwaka 2012 na hakuna aliyenitajia mfupa. "Weka ulimi pale," akasema. Nikaweka. Miaka yote ile ulimi wangu unapita pale na sijawahi kujiuliza: pamebonyea kama mto uliokaliwa.

Akanieleza kwamba mfupa unaoshika mizizi ya meno kazi yake ndiyo hiyo hiyo, na jino likitoka nao huanza kujiondokea. Shimo lenyewe hujifunga, tena vizuri tu, ila kingo zake husinyaa, zaidi upande wa nje. Sehemu kubwa huondoka miezi mitatu ya kwanza, na ndani ya mwaka mtu anaweza kupoteza karibu nusu ya upana. Kwa gego la nyuma, nani anaona? Kwa jino la mbele ni habari nyingine, kwa sababu mfupa wa upande wa mdomo mara nyingi hata milimita 1 haufiki. Wangu ule ufa ulikuwa umeshautoboa, na kwa hiyo hakutaka kunipigilia skrubu ya implanti, ile inayokaa ndani ya mfupa badala ya mzizi, siku ile ile ya kung'oa.

Mimi nikaielewa kwa lugha ya mezani kwangu. Gauni la mtoto anayekua hulikati sawasawa na kipimo, unaacha pindo. Ukishalikata fupi, kuongeza kitambaa baadaye inawezekana, lakini ni kazi kubwa zaidi na kiungo kinaonekana. Binti akacheka, akasema ndivyo, ila nisidhani pindo halipungui: hata ukiwekewa, mfupa husinyaa kidogo, na wengine huongezewa tena siku ya skrubu.

Kuweka mfupa laki sita. Implanti yenyewe na jino lake juu, zaidi ya milioni mbili, na si siku hiyo, ni baada ya miezi minne mpaka sita. Bima yangu haigusi hata kimoja. Nikaomba wiki moja nikafikirie, akanipa dawa ya maumivu na kuniambia nisipitishe hapo.

Wiki ile nilijiuliza swali ambalo naona ndilo lenyewe, na la mfupa linafuata nyuma yake: pale patakapokuwa wazi nitaweka nini? Kama ni meno ya bandia ya kuvua kama ya marehemu mama, yaliyolala kwenye glasi kando ya kitanda, laki sita ningenunulia cherehani ya kudarizi iliyotumika. Kama ni daraja, yaani jino la bandia linaloshikiliwa na ya pembeni, basi meno mawili mazima ya jirani yachongwe kwa kosa la mwenzao, na hilo roho ilikataa. Ikabaki skrubu, na skrubu inataka mahali pa kushika. Nina miaka 46, na wateja wangu wananitazama usoni wakati nawapima.

Niliporudi, akanionyesha kichupa chenye chembe nyeupe kama chumvi ya mawe. Ni mfupa wa ng'ombe, umechomwa na kusafishwa mpaka yamebaki madini tu. Hizo chembe zenyewe hazigeuki kuwa mimi. Zinakaa kama jukwaa la mafundi ujenzi, na mfupa wangu unapanda humo humo taratibu. Juu yake, akasema, tunafunika na utando.

Fundi cherehani akisikia cha kufunikia anauliza kitambaa gani. Akageuza boksi, akasoma, akanyamaza kidogo. "Huu ni wa nguruwe, mama."

Nashukuru hakunificha. Nilimpigia kaka yangu anayesomesha chuoni. Akasema masheikh wana kauli zao kuhusu dharura na kuhusu kitu kilichogeuzwa umbo, "lakini kama kipo kingine, kwa nini uihangaishe roho?" Na kingine kipo. Ziko tando za ng'ombe, na iko njia ya kutumia damu yako mwenyewe. Kwa hiyo ukiwa na sharti la dini, uliza vitu viwili, chembe na kifuniko, maana mimi ningeuliza kimoja tu nikadhani nimemaliza.

Wakanitoa damu mkononi, wakaizungusha kwenye mashine, kikatoka kitu cha manjano kama jeli. Wakakibana kikawa kama kipande cha shashi. Kabla ya ganzi waliniuliza kama nina sukari, kama navuta sigara, kama natumia dawa za kuimarisha mifupa. Kung'oa kwenyewe hakukuchukua muda, alikata mzizi vipande akavitoa kimoja kimoja asije akavunja ule ukuta mwembamba. Kilichochukua muda ni kushona. Nilimwangalia kwenye kioo cha taa: nyuzi nne, mafundo mazuri, mkia mfupi. Nilimsifu nilipoweza kuongea.

Siku ya tatu uso ulivimba, ya sita nikakuta chembe mbili ulimini, ngumu kama mchanga wa dagaa. Nikapiga simu mbio. Akasema chache kutoka ni kawaida, zikiwa nyingi nije. Hazikuwa nyingi.

Sasa ni wiki ya saba. Nina kijino cha muda cha kuvaa, na herufi ya "s" inanitoka kwa upepo. Juzi mteja aliniuliza bei ya kushona suti ya shifoni, nikaona nimwandikie kwenye karatasi. Uzi nakata kwa mkasi, mwanafunzi wangu mmoja amejipa kazi ya kunisimamia. Picha ya kuangalia kama mfupa umeshika ni Februari. Hela ya skrubu sijakamilisha, ila Januari shule zinafunguliwa, na oda za sare nimeshaanza kuandika.