Mlisho wa tovuti: guid, tarehe na majibu ya 304

Tovuti nyingine zikitaka kuonyesha habari zako kila zinapobadilika, kazi yako ni kuweka kwenye seva faili moja la XML (maandishi yaliyopangwa kwa alama ili programu iyasome): huo ndio mlisho. Waliojiunga watalichota wenyewe. Mlisho huandikwa kwa muundo wa RSS au wa Atom. RSS 2.0 inatosha kwa habari za kawaida. Ila kwa mambo yanayorekebishwa kila mara, kama bei za mazao au ratiba ya feri, tumia Atom (kiwango cha RFC 4287, 2005): kila habari ina id (kitambulisho) isiyobadilika na updated (saa ya marekebisho) inayosogea. Habari ya RSS ina pubDate tu, yaani tarehe ya kuchapishwa, hivyo programu nyingi hazitambui kwamba habari ya jana imesahihishwa leo.

Kwenye RSS, kitambulisho ni guid, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanaweka anwani ya ukurasa. Siku tovuti ikihama kutoka http kwenda https, kila guid inakuwa mpya, na waliojiunga wanamwagiwa habari zote za zamani upya. Tumia namba ya habari kutoka kwenye hifadhidata, na uandike isPermaLink="false". Ukiisahau hiyo, namba inachukuliwa kuwa kiungo, na msomaji akibofya hafiki popote.

Tarehe ya RSS huandikwa hivi:

Tue, 05 Mar 2024 08:30:00 +0300

Majina ya siku na miezi hubaki ya Kiingereza hata kama tovuti nzima ni ya Kiswahili. Seva iliyowekewa lugha yetu ikitoa "Jumanne", tarehe haisomeki. Na +0300 si pambo: ukiweka +0000 ukiwa Dar, habari ya saa mbili na nusu asubuhi itaonekana ya saa tano na nusu, yaani haijatokea bado, na baadhi ya programu zitaificha mpaka muda huo ufike.

Faili likikataa kusomeka kabisa, angalia kwanza mstari mtupu kabla ya <?xml. Kisha tafuta alama ya & iliyoachwa bila kuandikwa &. Kisha angalia ritifaa: "ng’ombe" iliyohifadhiwa kwa Windows-1252 (usimbaji wa herufi wa zamani) ndani ya faili linalojitangaza kuwa UTF-8 inaangusha mlisho mzima. Herufi moja tu.

Sasa mzigo. Faili la KB 80, tovuti 40, kila moja ikija kila dakika 15: maombi 3,840 kwa siku, zaidi ya MB 300, hata kama hujaandika kitu. Dawa yake ni ETag, alama ya toleo la faili ambayo seva huituma pamoja na faili lenyewe. Anayechota anairudisha kwenye kichwa cha ombi kiitwacho If-None-Match, na kama hakuna kipya seva inajibu 304 ("halijabadilika") bila kutuma faili. Lakini ukiitengeneza ETag kutokana na faili ambalo lastBuildDate yake (saa ya mlisho kubadilika mara ya mwisho) inaandikwa upya kwa kila ombi, itabadilika kila mara na hutaona 304 hata moja. Weka hapo saa ya habari ya mwisho kubadilika.

Wanaotaka habari papo hapo wapewe WebSub, utaratibu wa kusukuma habari badala ya kungoja zichotwe: ndani ya mlisho unatangaza kitovu (seva ya kati) kwa rel="hub" na anwani ya mlisho kwa rel="self", kisha kitovu ndicho kinachowasukumia. Usajili huo una muda wake. Asiyeuhuisha hukatiwa kimyakimya, kwa hiyo aliyejiunga aendelee kuchota mwenyewe walau mara mbili kwa siku.