Kabla ya kubishana kuhusu haki za kiinitete

Swali "uhai unaanza lini?" huvuruga mjadala wa haki za kiinitete, yaani mimba changa ya wiki za mwanzo, tangu mwanzo. Yai lina uhai kabla ya kurutubishwa, na mbegu iliyolifuata ina uhai vilevile. Hata seli ya ngozi ina uhai na ni ya binadamu, lakini hakuna anayeidaia haki. Kinachobishaniwa ni utu: ni lini kiumbe huyu anakuwa mtu ambaye kumdhuru ni kumkosea yeye mwenyewe?

Kwanza kubalianeni mnahesabu kuanzia wapi. Kliniki huhesabu umri wa mimba tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, yaani takriban wiki 2 kabla mimba haijatungwa. Wanaosomea viinitete huhesabu tangu kutungwa. Ndiyo maana huyu atasema moyo huanza kupiga wiki ya 6, yule aseme wiki ya 4, wabishane bure wakati wote wawili wamesema kweli.

Wanaoweka mpaka kwenye kutungwa kwa mimba wana hoja nzito: hapo ndipo panapotokea kiumbe kipya chenye urithi wake wa kijenetiki. Hata hivyo, tukio hilo halikamiliki kwa dakika moja. Tangu mbegu iingie kwenye yai hadi kromosomu za pande mbili zijipange pamoja, hupita karibu siku nzima. Siku ya 5 au ya 6 kiinitete ni kifuko cha seli mia moja na kitu, na zile za ukuta wa nje zitafanya kondo la nyuma, si mwili wa mtoto. Takriban siku ya 14 au 15 ndipo mfuo mwembamba hujichora juu ya kisahani cha seli, na kuanzia hapo kichwa na mkia vina upande wake. Kabla ya hapo kiinitete kimoja kinaweza kugawanyika kikawa mapacha wa kufanana.

Hapa ndipo penye ugumu. Kama siku ya 1 palikuwa na mtu, na siku ya 8 wapo wawili, yule wa kwanza yuko wapi? Wapo wanaojibu kwamba kuweza kugawanyika hakuzuii kitu kuwa kimoja kabla hakijagawanyika. Ni kweli, na jibu hilo linaokoa umoja wa kiumbe. Haliokoi dai kwamba tayari pana mtu fulani mwenye kesho yake ya kuporwa.

Kamati ya Warnock ya Uingereza, iliyochunguza maadili ya utafiti wa viinitete, ilipendekeza mwaka 1984 kwamba utafiti huo usivuke siku 14 tangu kutungwa, na sheria ya 1990 ikaufuata mpaka huo. Ni maafikiano yenye sababu, wala si uthibitisho kwamba siku ya 15 mtu amezaliwa kifalsafa.

Kigezo cha kuweza kuishi nje ya tumbo, takriban wiki 22 hadi 24 za mimba, nakiona dhaifu: mashine bora ikifika hospitalini, mpaka unasogea ilhali kijusi (kiinitete kilichokwisha kukua) ni kilekile. Kujitambua nako kunamtoa hata mtoto mchanga, gharama ambayo sikubali kuilipa. Uwezo wa kuhisi una uzito zaidi, kwa sababu mwenye kuhisi ana cha kuumia, ingawa wanasayansi bado wanavutana kuhusu wiki yenyewe.

Halafu lipo swali la pili, ambalo mwanafalsafa Mmarekani Judith Jarvis Thomson alilitenganisha mwaka 1971 alipoandika kuhusu utoaji mimba: tuseme kijusi kina haki kamili ya kuishi, je, haki hiyo inakipa pia haki ya kutumia mwili wa mwingine? Ukitaka kujua unaamini nini kuhusu utu peke yake, acha tumbo la mama kando. Fikiria kiinitete cha siku 5 kilichogandishwa ndani ya nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, wazazi wote wawili wamefariki na hakuna aliyejitokeza kukibeba. Je, kuliacha tangi lake liishiwe nitrojeni ni kumkosea nani?