Kumbukumbu ya mradi: kadi ya neno "shire"

Mradi wangu ni kasha la kadi za maneno ya utawala. Kila kadi hubeba jina moja la eneo, kwa mfano wilaya, tarafa, mudiria au kaunti, na nyuma yake ninaandika neno hilo limetoka wapi, lilimaanisha nini kabla halijachorewa mipaka, na nani alilitumia. Kadi za maneno yaliyotujia kutoka Kiarabu zimekwisha kwa kiasi kikubwa. Sehemu hii inahusu neno la Uingereza, shire, ambalo ni jina la kale la kile ambacho Wakenya leo hukiita kaunti, na ambalo msomaji wa Kiswahili hukutana nalo pengine pale tu anapoandika anwani ya ndugu yake aliyehamia Leicestershire au Northamptonshire.

Kwanza niliweka pembeni majina mawili yanayofanana nalo kwa maandishi peke yake. Mto Shire wa Malawi, unaotoka Ziwa Nyasa kwenda kuungana na Zambezi, na mji wa Shire ulioko Tigray, Ethiopia, hutamkwa kwa silabi mbili na hayana undugu wowote na jina hili la Kiingereza.

Mzizi

Kiingereza cha Kale, yaani kile kilichosemwa kabla ya Wanormani wa kaskazini mwa Ufaransa kuivamia nchi mwaka 1066, kiliandika neno hili scir. Herufi sc zilitamkwa kama sh yetu, na irabu ilivutwa. Maana yake ya awali haikuwa eneo. Ilikuwa dhamana, wadhifa, kazi ya kusimamia jambo ambalo mtu amekabidhiwa na mkubwa wake. Kijerumani cha Juu cha Kale kilikuwa na ndugu wa neno hilo, scira, lililomaanisha uangalizi na shughuli aliyopewa mtu.

Hapa nililazimika kusimama, kwa sababu vitabu vingi vya zamani vinatoa maelezo mengine kabisa: kwamba shire ni kipande kilichokatwa kutoka katika ufalme, na kwamba neno lenyewe linatokana na kitenzi cha Kiingereza cha Kale chenye maana ya kukata, scieran. Msomaji wa Kiswahili, hasa Mtanzania aliyezoea kuishi ndani ya kata, huikubali dhana hiyo upesi. Lakini irabu hazilingani, kwani ile ya scir ni ndefu na ya kitenzi hicho ni fupi na ya aina nyingine, na matumizi ya kale kabisa ya scir hayataji kipande cha chochote. Maelezo ya kukata nimeyaandika pembeni ya kadi kwa penseli, kama jambo linalosemwa, si kama asili.

Ushahidi ulionivutia zaidi haukutoka katika hati za serikali, bali katika Injili. Tafsiri ya Injili katika Kiingereza cha Kale, iliyofanywa yapata mwishoni mwa karne ya 10, ina ule mfano wa wakili dhalimu katika Luka 16. Tajiri anamwita wakili wake na kumwambia: agyf þine scire, ne miht þu lencg tunscire bewitan. Herufi þ husomwa kama th ya thelathini. Biblia yetu ya Kiswahili inasema mahali hapo: "Toa hesabu ya uwakili wako, kwa kuwa huwezi kuwa wakili tena." Kwa hiyo pale Mswahili aliposoma uwakili, Mwingereza wa miaka elfu moja iliyopita alisoma scire, na tunscire ni uwakili wa shamba au makazi ya bwana. Hakuna ramani wala mpaka katika sentensi hiyo. Kuna mtu aliyekabidhiwa mali na anayedaiwa hesabu.

Sheria za Ine

Swali lililofuata ni lini uwakili uligeuka ardhi. Hati inayoonyesha mgeuko huo vizuri ni sheria za Ine, aliyekuwa mfalme wa Wessex, ufalme wa kusini mwa Uingereza, kuanzia 688 hadi 726, ambazo zimetufikia kwa sababu Alfred, mfalme wa Wessex wa karne ya 9, aliziambatisha na sheria zake mwenyewe. Kifungu cha 36 kinamhusu mtu aliyemkamata mwizi kisha akamwachia au akauficha wizi: ikiwa mtu huyo ni ealdorman, yaani mkuu aliyewekwa na mfalme, atapoteza scir yake, isipokuwa mfalme atake kumhurumia. Vifungu vichache mbele, katika cha 39, mtu anayemwacha bwana wake bila ruhusa na kutorokea scir nyingine, akipatikana, atarudi alikokuwa na kumlipa bwana wake shilingi 60.

Nimevinakili vifungu vyote viwili katika kadi moja kwa sababu vinasomeka vizuri vikiwa pamoja. Katika cha kwanza scir ni kitu cha mtu, kinachoweza kuvuliwa kama cheo. Katika cha pili ni mahali ambapo mtoro anaweza kuvuka na kujificha. Sheria ni za mfalme mmoja, na maana zote mbili zinaishi humo bila kugombana. Ninavyoona mimi, hakuna haja ya kutafuta siku ambayo neno liliacha maana moja na kushika nyingine: dhamana ya mkuu iliishia pale watu waliomtii walipoishia, na hapo ndipo mpaka ulipopatikana.

Wilaya yetu ilipita njia hiyo hiyo, na jambo hili ndilo lililonifanya niipe kadi ya shire nafasi kubwa kuliko nilivyokusudia. Mzizi wa Kiarabu wa wilaya unabeba maana ya kuwa karibu na jambo, kulishika na kulisimamia. Kutokana nao tumepata liwali, ambaye ni al-wali wa Waarabu, na pia walii anayemwozesha binti. Mwanafunzi wa fiqhi anapotaja wilaya ya baba juu ya binti yake katika nikaha hafikirii mkuu wa wilaya wala kibao cha barabarani. Anafikiria mamlaka na wajibu. Oman hadi leo wali ndiye anayeongoza wilaya, kwa hiyo mtu na eneo bado wanaonekana kuwa neno moja. Kwetu Tanzania uhusiano huo haupo tena masikioni, kwa kuwa anayeongoza wilaya huitwa mkuu, na neno limebaki na ardhi peke yake. Mudiria nayo ni kazi ya mudiri, yaani msimamizi, kabla ya kuwa eneo lake.

Ramani

Sehemu hii imekwenda haraka, ingawa bado haijakamilika. Ninapaka rangi ramani ya Uingereza kufuatana na namna kila shire ilivyopata jina. Za Wessex ndizo za kale. Hampshire ni scir ya Hamtun, mji ambao leo ni Southampton, na inatajwa katika kumbukumbu za mwaka za Waanglo-Saksoni pale Sigeberht alipovuliwa ufalme mwaka 757 akaachiwa Hampshire tu. Wiltshire imetokana na Wilton. Berkshire, kwa maelezo ya Asser aliyeandika maisha ya Alfred, ilipewa jina la msitu. Katikati ya nchi mambo ni tofauti: wafalme wa Wessex walipozitwaa katika karne ya 10 ardhi zilizokuwa zimetekwa na Wadenmarki, shire zilipangwa kuzunguka miji yenye ngome, na ndiyo maana Derby, Nottingham, Leicester, Northampton na Bedford kila mmoja una shire yenye jina lake. Kent, Essex na Sussex hazina kiambishi hicho kwa sababu zilikuwa falme kabla ya kuwa sehemu za ufalme mwingine. Winchcombe ulikuwa na shire yake, nayo ikamezwa na ya Gloucester mwanzoni mwa karne ya 11.

Kaskazini ndiko kulikonichelewesha. Huko shire haikuwa lazima iwe kubwa. Hallamshire ni eneo la Sheffield ndani ya Yorkshire, na Norhamshire, Islandshire na Bedlingtonshire zilikuwa vipande vilivyotengana na Durham huku vikihesabiwa kuwa vyake hadi sheria ya 1844 ilipoviondoa. Zaidi ya hapo, kitabu cha Domesday cha 1086, yaani orodha ya ardhi na mali za Uingereza iliyoamriwa na mfalme, kinasema kwamba ndani ya mji wa York, mbali na shire ya askofu mkuu, zilikuwako shire sita, na moja kati ya hizo iliharibiwa ili kujenga ngome. Hizo tungeziita mitaa. Ukishikilia kwamba shire ni kaunti, habari hiyo haieleweki; ukikumbuka kwamba ni eneo la dhamana ya mtu fulani, hata mtaa unaweza kuwa nalo.

Yorkshire yenyewe iligawanywa katika sehemu tatu zilizoitwa riding, na neno hilo halihusiani na kupanda farasi. Limetokana na neno la Kinorse cha Kale, lugha ya Waviking, lenye maana ya theluthi, ambalo sauti yake ya mwanzo ilimezwa na th ya mwisho wa neno la Kiingereza la kaskazini, north. Ndiyo sababu kulikuwa na theluthi ya kaskazini, ya mashariki na ya magharibi, bila ya kusini.

Sherifu na kaunti

Msimamizi wa mfalme katika shire aliitwa scirgerefa, na kwa kufupishwa ulimini akawa sheriff, ambaye hahusiani hata kidogo na sharifu wetu wa ukoo wa Mtume. Kwa sheria za Mfalme Edgar, mkutano wa shire ulifanyika mara mbili kwa mwaka, askofu na ealdorman wakihudhuria ili mmoja aeleze sheria ya Mungu na mwingine sheria ya watu.

Baada ya 1066 makarani wa Kinormani waliandika Kilatini, na kila palipokuwa na scir wakaandika comitatus, ambalo asili yake ni kundi la waandamani wa mkubwa. Kutoka hapo, kupitia Kifaransa, likaja county, ambalo Kenya imelipokea kama kaunti na ambalo Katiba ya 2010 imelipa maeneo 47. Maneno yote mawili yaliendelea kuishi pamoja Uingereza, hata Hampshire ikawa kwa jina rasmi Kaunti ya Southampton hadi 1959.

Kadi zimepangwa kwa undugu wa maana, kwa hiyo shire nimeiweka nyuma ya wilaya, na kaunti nimeihamishia kwenye kundi la maneno yaliyoanza kama majina ya watu wanaoandamana na mkubwa, ambalo kwa sasa lina kadi hiyo moja. Kinachofuata ni kumalizia rangi za ramani upande wa kaskazini, kisha kuifungua kadi ya tarafa.