Jiko la pili la kuni kwenye nyumba ya mawe Lushoto: anza na dohani

Aliyeko Tanga mjini akisikia mtu anafunga jiko la kupasha nyumba joto atadhani ni mzaha. Apande basi Mombo, apite Soni, alale Lushoto usiku mmoja wa Julai, kwenye mita 1,400 hivi juu ya bahari. Nyumba za mawe za enzi ya Mjerumani, mji ulipoitwa Wilhelmstal, zina kuta nene zinazotunza baridi kama mtungi unavyotunza maji. Jiko la sebuleni halifikishi joto vyumba vya nyuma, na hapo ndipo mwenye nyumba hulikumbuka lile jiko la chuma cha kusubu, kasti kwa lugha ya mafundi, lililolala stoo miaka.

Kosa kubwa hufanyika mapema: "Tutoboe tu, tuliunganishe na dohani ileile." Hapana. Kila jiko na dohani yake. Majiko mawili yakigawana njia moja, lililozimwa huingiza hewa baridi, mvuto wa kupandisha moshi unakufa, na moshi wa linalowaka unaweza kushukia chumba cha pili ambamo watu wamelala. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, kwa hiyo usitegemee kikohozi kikuamshe.

Kabla ya kununua hata msumari, likague jiko. Ingiza taa ndani usiku, funga milango, zima taa za chumba: mwanga ukipenya mahali pasipo mlango, hapo pana ufa au saruji ya moto imetoka kwenye maungio. Gonga kila bamba kwa spana. Kasti nzima hulia kama kengele, iliyopasuka hutoa sauti butu. Maungio yanazibika upya, lakini bamba lililopasuka usilichomelee kwa welding ya kawaida ya mtaani, litafunguka pembeni mwa mshono. Kamba ya mlango, ile inayoziba ukingo wake, ibadilishwe bila kujadiliana. Kuijaribu, bana karatasi mlangoni: ikichomoka kirahisi, jiko linavuta hewa usiyoiruhusu na halitazimika unapotaka.

Sakafu za mbao hazipendi kilo 120 mahali pamoja. Ondoa mbao hapo, mwaga zege la sentimita 10 juu ya udongo ulioshindiliwa, litokeze angalau sentimita 45 mbele ya mlango wa jiko, maana cheche huruka upande huo. Toka jiko hadi mbao yoyote acha sentimita 90. Chumba kikiwa kidogo, weka bati la kinga lenye nafasi ya sentimita 2.5 nyuma yake, wazi juu na chini ili hewa ipite. Umbali unaweza kushuka hadi sentimita 30. Bati lililogandamizwa ukutani halikingi kitu.

Sasa bomba, na hapa ndipo pesa iende. Kipenyo kifuate tundu la jiko, mara nyingi sentimita 15, na kisipungue popote njiani. Urefu usipungue mita 4.5 kutoka juu ya jiko. Mabomba ya mabati yanayouzwa kwa ajili ya mifereji ya mvua yasiingie ndani ya nyumba: zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi, na ikizidi kupata moto hutoa mvuke unaoumiza. Agiza bomba la chuma cheusi cha milimita 2. Vipande viunganishwe ncha nyembamba ikitazama chini, kuelekea jiko, ili lami, ule utomvu mweusi wa moshi uliopoa, ikitiririka ibaki ndani. Mafundi wengi hugeuza, kisha mwenye nyumba anashangaa mistari meusi inayonuka. Kila ungio skrubu tatu.

Bomba la ukuta mmoja lisivuke silingi. Hapo tumia la kuta mbili, sentimita 15 ndani ya 25, katikati sufi ya madini ile inayofungia mabomba ya boila, kamwe si maranda. Kwa kuwa la kuchomelea mtaani halijapimwa, tunaacha sentimita 20 hadi kwenye kenchi. Juu ya bati litoke sentimita 90, na lizidi kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita 3, mgongo wa paa ukiwemo. Kupitisha bomba nje ya ukuta wote ni rahisi kwa fundi, lakini ukungu wa Usambara huupoza moshi na lami hujaa haraka. Dohani ya zamani ya mawe, pana kama mlango wa banda, ina shida hiyohiyo: pitisha bomba ndani yake, usiitegemee yenyewe.

Mara tatu za kwanza washa moto mdogo wa vijiti, uache upoe kabisa. Kasti ikipata moto mkali ghafla, au maji ikiwa ya moto, hupasuka. Asubuhi dohani imejaa hewa nzito ya baridi. Choma gazeti moja juu kabisa ya chumba cha moto kabla ya kuwasha kuni. Kama moshi bado unarudi, fungua dirisha kidogo. Ukiona umeacha kurudi, jiko linakosa hewa, si dohani mbovu.

Ukuta wa mawe hunywa joto saa kadhaa kabla ya kurudisha. Washa saa kumi jioni, si saa mbili usiku.

Kuni za mkaratusi zipasuliwe vipande vya sentimita 8 hadi 10, zikae chini ya paa tangu Agosti hadi Juni inayofuata. Muwati uliokauka ni bora zaidi. Kuni mbichi ndizo hujaza lami, na lami ikishika moto bomba huunguruma kama lori likipanda Soni. Ikitokea, funga hewa yote ya jiko, toa watu nje. Ili usifike huko, safisha bomba kwa brashi kila baada ya wiki nne za msimu.

Majivu yakae siku mbili nje kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko. Yakipoa, mwaga kwenye kabichi. Kwenye viazi mviringo usiweke, hupata magamba.